Jaribu Lina Saa Yake

Saa tatu usiku, wakala wa pesa za simu anajiandaa kufunga kibanda. Mchana kutwa ametoa na kuweka pesa za watu. Hajala tangu chai ya asubuhi, na jioni mteja mmoja alimtukana kwa sababu mtandao ulikuwa unasumbua. Kwenye laini yake kuna floti ya laki nane, ambayo ni mali ya tajiri wake. Kwenye simu hiyohiyo kuna programu ya kubeti, na usiku huu kuna mechi. Jana mkeka wake ulichanika kwa timu moja tu. Bwana huyu ni mwanakwaya. Jumapili aliimba mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila saa hii yuko peke yake, ana njaa, ana hasira na ana pesa mkononi, na Jumapili iko mbali sana.

Akianguka usiku huu, watu watasema alishindwa saa tatu usiku. Mimi naona alishindwa mapema zaidi. Alishindwa mchana alipoacha kula, na wiki iliyopita alipoiacha programu ile ikae kwenye simu yenye floti, na miezi yote ambayo hakumwambia hata mtu mmoja kwamba anabeti. Saa ya udhaifu ikishafika, mtu hana tena nguvu ya kupanga. Hutumia alichokwisha kukiweka tayari. Kwa hiyo mbinu nyingi nitakazozieleza hapa ni za kufanywa wakati moyo umetulia, tumbo limeshiba na jaribu liko mbali.

Kwanza, ijue saa yako. Mathayo sura ya 4 inaeleza kwamba Yesu alifunga siku 40 jangwani, akaona njaa, ndipo mjaribu akamjia. Na jambo la kwanza alilolitaja lilikuwa mkate. Luka, katika habari hiyohiyo, anaongeza kwamba Ibilisi alipomaliza alimwacha kwa muda tu (4:13). Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu siku aliyorudi kutoka porini akiwa hoi kwa uchovu (Mwanzo 25). Daudi alimwona Bathsheba jioni, alipotoka kitandani na kutembea juu ya dari, katika majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani naye amebaki Yerusalemu (2 Samweli 11). Biblia haikuweka saa na hali hizi kwa kupamba hadithi. Kamba hukatikia pembamba, na kila mmoja wetu ana pembamba pake.

Chukua daftari dogo. Kwa muda wa wiki mbili, kila unapojaribiwa, uanguke usianguke, andika mambo manne: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na nini kilitokea saa chache kabla ya hapo. Usiandike majuto wala mahubiri. Andika kama karani: Ijumaa, saa moja jioni, peke yangu, nimetoka kazini, bosi kanisema mbele ya watu, nimepita njia ya baa. Au: Jumatano, saa sita usiku, kitandani, mke kasafiri, nimeshika simu bila sababu. Mwisho wa wiki ya pili soma kurasa zote kwa mkupuo. Wengi hukuta kwamba jaribu lililoonekana kuwavamia popote pale lina ratiba. Kwa mmoja ni siku ya mshahara. Kwa mwingine ni kila baada ya ugomvi nyumbani, au usiku wa kuamkia siku asiyokwenda kazini. Kwa wahubiri ni Jumapili jioni, baada ya ibada iliyokwenda vizuri. Eliya aliomba afe muda mfupi tu baada ya ushindi wa Karmeli, na watumishi wa Mungu wanapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini kuliko sisi wengine. Ushindi nao huacha mtu amechoka na amelegea.

Wale wanaosaidiana kuacha pombe katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hufundishana kujiuliza kuhusu mambo manne kabla ya kulaumu jambo lolote lingine: je, nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? Mkristo aliyeokoka miaka 20 anahitaji maswali hayo sawasawa na mlevi aliyeacha jana.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya makanisa hayalipendi. Mwili ukipuuzwa, roho hulipa. Angalia Eliya alivyohudumiwa katika 1 Wafalme 19. Amelala chini ya mretemu, amekata tamaa kabisa. Malaika hakumkaripia wala hakumfanyia mahubiri. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Ndipo akatembea hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikozungumza naye. Basi wakala wetu akila wali na maharage saa kumi na mbili jioni, amefanya jambo la kiroho. Mama anayemfokea mtoto kila usiku kwa sababu hajalala vizuri mwezi mzima anahitaji maombi, ndiyo, na pia anahitaji mtu wa kumbebea mtoto alale mchana. Na ukiwa kwenye mfungo, ujue mapema kwamba jioni utakuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kutamani. Usijibu ujumbe wa kuudhi wala usiamue jambo la pesa kabla hujafungua.

Pili, funga njia wakati una nguvu. Mithali sura ya 7 inamchora kijana asiye na akili, na ukiisoma polepole utaona kosa lake la kwanza lilikuwa ni kupita tu: alipita karibu na kona ya yule mwanamke, jioni, giza likiingia. Ayubu kwa upande wake alifanya agano na macho yake mapema (Ayubu 31:1), kabla ya kukutana na wa kumtazama.

Kwa wakala wetu, agano hilo lina sura ya vitu vya mkononi. Floti ihamie kwenye kiswaswadu kisichoweza kufungua programu yoyote. Programu ya kubeti ifutwe, na akaunti yenyewe ifungwe kwa kuiandikia kampuni, maana kufuta programu pekee huacha mlango umerudishwa tu bila kufungwa. Namba zinazotuma ujumbe wa bonasi zizuiwe. Kila jioni, kabla ya saa tatu, amtumie tajiri wake hesabu ya floti, hata kama tajiri hajaiomba. Kijana huyu akiombewa kila Ijumaa kwenye mkesha, pepo wa kamari akakemewa mpaka sauti zikakauka, na huku simu mfukoni mwake inaendelea kuingiza ujumbe wa bonasi, kanisa limemfanyia nusu ya kazi. Sala na kufuta programu vinakwenda pamoja. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5, alizungumzia kung'oa na kukata kile kinachokosesha, na hakuna aliyemwelewa kuwa anazungumzia jambo jepesi.

Kwa mwenye jaribu la picha za ngono, simu ilale sebuleni ikichajiwa, na saa ya kengele ya mezani inunuliwe ili kisingizio cha kuamshwa na simu kiishe. Kwa mnywaji, siku ya mshahara ada ya shule na kodi ya nyumba zilipwe kwa simu kabla hajatoka getini kazini, na ashuke kituo kingine hata kama atatembea zaidi. Kwa aliyeanza mazoea na mume au mke wa mtu, chati za usiku zikome leo, lifti ikome, na kama ni mfanyakazi mwenzake, mazungumzo yabaki ya kazi, mchana, mbele za watu. Yusufu hakukataa tu kulala na mke wa Potifa. Mwanzo 39:10 inaonyesha kwamba alikataa hata kukaa naye.

Tatu, weka neno tayari kinywani. Jangwani Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu aliyatoa katika kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Ni majibu mafupi. Hayakuhitaji gombo wala mtu wa kumtafutia ukurasa. Katika karne ya nne, mtawa mmoja wa jangwa la Misri, Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliufuata mfano huo akaandika kitabu kizima cha majibu: alipanga mawazo mabaya katika mafungu manane, kuanzia ulafi hadi kiburi, na kila wazo akalipatia andiko la kulijibu. Alijua kwamba mtu aliyeshikwa na jaribu hawezi kuanza kupekua.

Huhitaji kitabu kizima. Unahitaji andiko moja kwa jaribu lako moja. Anayevutwa na kamari na aishike Mithali 13:11, inayohusu mali inayopatikana kwa haraka na namna inavyopungua, au Waebrania 13:5, inayotaka turidhike kwa sababu Mungu ameahidi kutotuacha. Mwenye hasira achukue Yakobo 1:19–20. Anayepambana na pombe asome Mithali 23 kuanzia mstari wa 29, ambapo hali ya mlevi inaelezwa kwa ukweli unaotisha, mpaka kule kuamka na kutafuta nyingine. Chagua, kisha lisome kwa sauti asubuhi na jioni hadi ulimi ulizoee. Watu wengi hujaza kurasa kwa mistari mizuri, halafu saa ikifika hawakumbuki hata mmoja.

Pamoja na neno hilo, iombee saa yenyewe asubuhi. Gethsemane Yesu aliwaambia wanafunzi wakeshe na kuomba kabla askari hawajafika. Walilala, na kabla jogoo hajawika Petro alikuwa amekwisha kumkana. Sala ya jumla ya kulindwa na yule mwovu ni njema, lakini ongeza maneno ya wazi: Bwana, leo saa tatu usiku nitakuwa kibandani peke yangu na pesa za mtu. Uwe nami saa hiyo. Ukishamwambia Mungu saa na mahali, ni vigumu kujifanya ulishtukizwa.

Sasa tuseme saa imefika. Umekula, umefunga njia, umeomba, na bado moyo unadunda na vidole vinatafuta simu. Hili hutokea, na kujaribiwa si dhambi, maana Waebrania 4:15 inakiri kwamba Kristo alijaribiwa katika mambo yote kama sisi. Usianze kubishana na jaribu. Hawa alianza kwa kumrekebisha nyoka, na mazungumzo yakaendelea. Jaribu lina muda wa kukaa na hoja kuliko wewe.

Sali sala ya pumzi moja. Yohane Kasiano, aliyeishi miongoni mwa watawa wa Misri na kuandika mafundisho yao, anashauri mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ombi fupi la kumsihi Mungu aje haraka kusaidia. Wakatoliki wanaosali Masifu hufungua sala kwa ombi hilohilo mpaka leo. Litamke kwa sauti inayosikika masikioni mwako. Kisha toka. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:13, anaahidi kwamba Mungu hufanya mlango wa kutokea, na mara nyingi mlango huo ni mlango hasa, wa mbao, wenye kitasa. Simama, ufungue, uende kwenye watu. Nenda kwa jirani, nenda dukani kununua chumvi, kaa kibarazani. Yusufu alikimbia akaacha vazi mkononi mwa mwanamke, bila kuhesabu hasara ya vazi.

Jiwekee nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo usiamue lolote, na mikono iwe na kazi: osha vyombo, fua, piga deki. Tamaa hupanda, hufika kileleni, hushuka. Anayeijua tabia yake hii haogopi sana inapopanda. Ikishashuka, shukuru kwa sauti, hata kwa maneno mawili, kisha ulale.

Lakini usidhani ukishinda utalipwa papo hapo. Yusufu alishinda, akafungwa gerezani. Kuna atakayekataa rushwa akakosa uhamisho, na kuna msichana atakayemkatalia mkubwa wake kazini akaonekana anajiona. Mhubiri anayewaahidi watu kwamba kila jaribu wanalolishinda litaleta baraka ya fedha wiki hiyohiyo anawaandalia anguko la pili.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni mtu mwingine. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane dhambi na kuombeana, na Afrika Mashariki ina historia yake katika hilo. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, ulikuwa na mazoea ya ndugu kukutana mara kwa mara na kutaja dhambi kwa jina lake: niliiba sabuni, nilimdanganya mke wangu, nilimchukia mchungaji. Mazoea hayo waliyaita kutembea nuruni, wakiufuata waraka wa kwanza wa Yohana. Wimbo wao wa Tukutendereza unajulikana na watu wengi ambao hawajui kwamba mara nyingi uliimbwa pale mtu alipomaliza kuungama.

Siyo kila kitu kisemwe hadharani. Ushuhuda wa Jumapili haufai kubeba habari za siri za ndoa yako au jina la uliyekosana naye. Jumuiya ndogondogo na ibada za nyumba kwa nyumba hufaa kwa kuombeana mambo ya kawaida. Dhambi inayokusumbua itafutie mtu mmoja: wa jinsia yako, aliyekomaa katika imani, asiyepeleka maneno, asiyekudai pesa na asiye chini yako kazini. Mkatoliki ana kitubio, na padre amefungwa na siri ya maungamo. Anayesali kwingine anaweza kumwendea mzee wa kanisa au rafiki wa siku nyingi. Ukikaa naye usizunguke. Kusema kwamba unapitia changamoto ni kujificha. Sema: nimebeti kwa pesa isiyo yangu mara tatu mwezi huu, na saa ninayoogopa ni saa tatu usiku. Mkubaliane neno la kutumiana, kwa mfano “niombee sasa”, ambalo akilipata atapiga simu bila kuuliza sababu. Naye awe na ruhusa ya kukuuliza kila wiki, uso kwa uso. Jaribu linalotajwa kwa mtu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, kwa kuwa lilikuwa linaishi kwa siri.

Ukianguka, rudi siku hiyohiyo. Adui mkubwa baada ya anguko ni ile sauti inayosema kwamba kwa kuwa umekwisha kuharibu, basi malizia wiki, utatubu Jumapili. Petro na Yuda wote wawili walimwangusha Bwana wao usiku mmoja. Petro alilia lakini akabaki karibu na wenzake, na Yohana 21 inamwonyesha tena mbele ya moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiota alipokana, safari hii Yesu akimuuliza kama anampenda na kumkabidhi kazi. Yuda alikwenda peke yake. Basi mpigie yule mtu wako kabla hujalala. Andika kwenye daftari saa na mahali, ujue ni njia ipi ilibaki wazi, uifunge kesho yake. Kama kuna mtu umemdhulumu, toba ina hesabu, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Wakala aliyegusa floti na amwambie tajiri wake kiasi gani na atakilipa vipi, kabla hajagunduliwa.

Kuna hali ambazo mbinu hizi peke yake hazitoshi, na hilo halina maana kwamba imani ya mtu ni haba. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege na hata kufa katika siku za mwanzo. Anahitaji hospitali. Mtumiaji wa heroini anaweza kusaidiwa kwa methadoni, tiba ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Anayewaza kujiua kwa sababu ya madeni ya kamari asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa. Mtu akija kwenu akaungama kwamba hawezi kupitisha siku bila pombe, mwekeeni mikono, mwombeeni, kisha mmoja wenu apande naye daladala hadi hospitali, akae naye kwenye benchi mpaka daktari amwite.